Birika la Bati kwa Rangi ya Maji

Kamusi ikikuambia kwamba birika ni chombo cha kuchemshia maji, umepata maana ila hujaliona birika. Hujui mdomo wake umepinda vipi, wala mpini umechakaa wapi. Huko Marekani pengo hilo lilishughulikiwa na Index of American Design: picha zipatazo 18,000 za vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, nyingi zikiwa za rangi ya maji, yaani akwareli.

Kazi ilianza mwaka 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Serikali iliwalipa wachoraji wasio na ajira wachore mabirika ya bati, mitungi, wanasesere, mablanketi ya viraka. Kwa nini wasipige picha? Picha za rangi zilikuwa ghali, tena rangi zake hazikuaminika. Lakini naona brashi ilishinda kwa sababu nyingine pia: ilimlazimu mtu kutazama. Mchoraji alikipima kitu, akakiweka peke yake juu ya karatasi tupu, akapaka rangi nyepesi tabaka baada ya tabaka. Penye mng'aro aliiacha karatasi yenyewe ing'ae. Picha moja iliweza kuchukua majuma kadhaa. Ndiyo maana unaona kutu, mshono wa bati, na mahali rangi ilipobanduka kwa kushikwashikwa. Kila picha iliandamana na karatasi ya maelezo: jina la kitu, kimetengenezwa kwa nini, vipimo, mwenye nacho.

Tangu 1943 picha hizo zimo National Gallery of Art, Washington. Humo, hata hivyo, usitafute kikapu cha wenyeji wa asili wa Marekani. Vitu vyao viliachwa nje, kwa hoja kwamba hiyo ni kazi ya wanaethnolojia. Birika la mhamiaji kutoka Ulaya likaitwa usanifu, kikapu cha mwenyeji kikaitwa ethnolojia. Sisi ambao viti na vikombe vya mababu zetu vimo Tervuren kwa jina la ethnografia tunajua neno kama hilo linaamua kitu kiwekwe chumba gani.

Wenzetu mnaokusanya msamiati wa jikoni kwa ajili ya TFC, kisanduku cha rangi cha mtoto wa shule kinatosha. Anzeni na mwiko. Upimeni, uchoreni pamoja na ncha yake iliyoungua, kisha andikeni jina kama mama mwenye nao anavyolitamka.