Nzi wa Manyoya: Somo kwa Vikundi vya Kazi za Mikono



Safari hii tuzungumzie kazi ambayo wengi wetu hapa Kibagabaga hatujaiona kwa macho, nayo ni kufunga nzi bandia. Nzi huyo si mdudu. Ni ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi, sufu na manyoya ya ndege mpaka ikafanana na mdudu anayeelea majini. Mfungaji huibana ndoana kwenye jiliwa, huzungusha uzi, huweka mkia, mwili na mabawa, kisha hukaza fundo kichwani. Samaki aitwaye trauti humrukia akidhani amepata chakula. Ufundi huu ni wa kale: mwandishi Aelian, aliyeishi zaidi ya miaka 1,700 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua kwa sufu nyekundu na manyoya.

Msomaji atauliza: jambo hili latuhusu nini sisi, ambao isambaza wetu wa Kivu huvuliwa usiku kwa taa na nyavu? Latuhusu sana. Jirani zetu Kenya waliletewa trauti kutoka Uskoti mwaka 1905, wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baada ya samaki ikaja kazi ya nzi. Hadi leo wako Wakenya wanaopata unga wao kwa kufunga nzi wanaouzwa Ulaya na Marekani. Anayelipwa kwa dazeni huhesabu vidole vyake kila jioni.

Lakini huko ng'ambo wako watu wanaofunga nzi hao hao bila kulipwa hata senti. Wanafanya kwa kupenda tu. Uingereza kuna chama chao, Fly Dressers' Guild. Marekani, mwaka 2005, mpango uitwao Project Healing Waters ulianzia katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, mjini Washington, ukawafundisha askari majeruhi kufunga nzi na kuvua. Hata aliyepoteza mkono alitafutiwa njia ya kushika uzi.

Hapo ndipo penye somo. Asiyelipwa hawezi kulazimishwa kuhudhuria. Akiona anadharauliwa, haji tena. Kwa hiyo chama cha namna hiyo huishi kwa jambo moja tu: mgeni akaribishwe, na mwenyeji awe na sababu ya kurudi.

Sasa tujitazame. Katika mitaa yetu wako akina mama wanaosuka agaseke kwa katani na nyasi, wako washonaji wenye cherehani sebuleni, wako wanaofuma na kutarizi. Kila mmoja yuko nyumbani kwake, na mnunuzi huwapitia mmoja mmoja. Huyu humwambia bei hii, yule humwambia bei ile. Asiyejua jirani yake amelipwa kiasi gani atakubali chochote. Ndiyo maana kikundi kinachokutana si anasa. Ni mahali pa kujulia bei.

Hata hivyo vikundi vingi huanza kwa shangwe na kufa kimya kimya. Katika kazi yangu ya kuandikisha wanachama nimeona sababu zake, nazo ni nne.

Kwanza, kuchekwa. Mwanagenzi huleta kikapu kilichopinda, mafundi wakacheka. Kumbe hakuna fundi aliyezaliwa na sindano mkononi. Akae kando ya fundi, aonyeshwe kosa moja na njia ya kulirekebisha. Siku nyingine ataonyeshwa la pili.

Pili, kuficha ujuzi. Fundi huogopa kwamba akifundisha atanyang'anywa wateja. Lakini oda ikiwa kubwa, mmoja haimalizi kwa wakati, na mnunuzi huenda kwingine.

Tatu, hotuba ndefu. Watu wakija na kazi zao, wafanye kazi huku wakizungumza. Mwenyekiti aseme machache, hesabu za kikundi zisomwe mbele ya wote, na siku ya mkutano isibadilishwe ovyo. Umuganda tunaukumbuka kwa sababu kila mtu anajua kuwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Nne, kumsahau asiyekuja. Mwenzetu akikosa mara mbili, atumwe mtu kumjulia hali. Pengine anauguza mtoto, pengine hana mchango wa ikimina na anaona haya. Akitembelewa atarudi, akisengenywa tumempoteza.

Tena tusidhani kwamba mfanyakazi wa nyumbani kwake hana haki. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 177 unaohusu watu wanaofanyia kazi ya mwajiri nyumbani. Mkataba huo unataka watendewe sawa na wafanyakazi wengine wa mshahara katika malipo, usalama kazini, mafunzo, ulinzi wa uzazi na haki ya kujiunga na chama. Lakini karatasi haitembei yenyewe kwenda kugonga mlango wa mwajiri. Hutembezwa na watu waliokwisha kujuana.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Atakayeingia kikundini wiki hii akiwa hajui kushika uzi, huenda ndiye atakayesimama mwakani kudai bei ya haki kwa niaba yetu sote. Ndugu, mpisheni akae.

Umoja ni nguvu!