UCHAGUZI WA VALI ZA USALAMA KWA MABOILA NA VYOMBO VYA SHINIKIZO

Maelezo kwa wamiliki, mameneja na waendeshaji wa mitambo, Unguja na Pemba

Wamiliki na mameneja wa viwanda, hospitali, hoteli na karakana wanatanabahishwa kwamba kila boila, na kila chombo kinachohifadhi mvuke, hewa au gesi kwa shinikizo, hakina budi kuwa na vali ya usalama inayolingana nacho. Maelezo haya yanatolewa ili mwenye kununua vali mpya, au kubadilisha iliyochakaa, ajue la kuuliza kabla ya kulipa.

Umeme wetu kwa sehemu kubwa hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, Unguja tangu mwaka 1980 na Pemba tangu mwaka 2010. Kwa hiyo hatuna maboila makubwa ya kufulia umeme. Hata hivyo mvuke upo kwetu: hutumika kukamulia mafuta ya makonyo huko Wawi, kutengenezea sukari huko Mahonda na kutakasia vifaa vya hospitali. Matangi ya hewa ya kompresa yamo katika karakana nyingi. Misingi ya kuchagua vali ni ile ile, chombo kikiwa kikubwa au kidogo.

1. Hatari inayokingwa

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hujaza nafasi ya lita 1,600 hivi. Ndani ya boila lenye shinikizo la bar 10 kwa kipimo cha geji, maji hufikia joto la nyuzi 184 za Selsiasi bila ya kuchemka yote, kwa kuwa shinikizo linayazuia. Ukuta ukipasuka, zuio hilo huondoka ghafla, na takriban asilimia 16 ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Huo ndio mlipuko wenyewe.

Tarehe 20 Machi 1905 boila la kiwanda cha viatu huko Brockton, jimbo la Massachusetts, Marekani, lililipuka na watu 58 wakafariki. Chanzo kilikuwa ufa uliojificha katika kiungo cha mabati. Msiba huo uliharakisha kutungwa kwa sheria ya maboila ya jimbo hilo mwaka 1907, na baadaye kanuni za Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani, ambazo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1914. Kanuni hizo hufuatwa hadi leo katika nchi nyingi, na vipimo vilivyomo humu vinatokana nazo.

2. Shinikizo la kufungukia

Swali la kwanza si bei wala upana wa bomba, bali ni hili: chombo hiki kimeruhusiwa shinikizo gani kwa ukomo? Kiwango hicho huandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji. Kwa boila, angalau vali moja ifunguke katika kiwango hicho au chini yake. Nyengine zaweza kupangwa juu yake kwa asilimia 3 tu. Vali zote zikiwa wazi na moto ukiwaka kwa nguvu zake zote, shinikizo lisipande zaidi ya asilimia 6 juu ya ukomo. Kwa vyombo visivyochomwa moto, kama tangi la hewa lenye vali moja, nyongeza hiyo ni asilimia 10.

Chombo kikiliwa na kutu na ukuta wake ukawa mwembamba, mkaguzi hupunguza shinikizo linaloruhusiwa. Hapo vali nayo ipangwe upya na uwezo wake uhesabiwe upya, kwani vali hutoa mvuke mchache zaidi kadiri shinikizo linavyoshuka.

3. Uwezo wa kutoa mvuke

Hapa ndipo penye hatari ya kukosea. Vali mbili zaweza kuwa na skrubu za upana mmoja, zikaingia katika tundu moja, na moja ikatoa nusu tu ya mvuke wa mwenzake. Kinachopima uwezo ni koo la vali, yaani sehemu nyembamba kabisa ya njia ya mvuke.

Kwa mvuke mkavu usiopashwa zaidi, hesabu ni hii: kila milimita moja ya mraba ya koo hupitisha kilo 0.525 kwa saa kwa kila bar moja ya shinikizo kamili, kisha jawabu huzidishwa kwa kigawo kilichothibitishwa cha vali hiyo.

Tuchukue boila linalozalisha kilo 5,000 za mvuke kwa saa, na vali zinazofunguka kwa bar 10. Ongeza asilimia 3, kisha shinikizo la hewa. Tunapata bar 11.31. Kigawo cha vali kikiwa 0.87, kila milimita ya mraba hutoa kilo 5.17 kwa saa. Koo linalohitajika basi ni milimita za mraba 968, yaani duara la upana wa milimita 35, au vali mbili zenye koo la milimita 25 kila moja. Anayefunga vali moja tu kati ya hizo mbili ameacha nusu ya mvuke bila ya mlango.

4. Idadi na aina

Boila lenye eneo la kupashia joto linalozidi mita za mraba 47 liwe na vali mbili au zaidi. Katika mitambo ya kufua umeme, vali ya mabomba ya kupasha mvuke zaidi hupangwa ifunguke kabla ya zile za pipa la boila, ili mvuke uendelee kupita ndani ya mabomba hayo na kuyapoza, vyenginevyo yataungua.

Vali ya mvuke hufunguka kwa ghafla na kwa ukamilifu. Ile ya maji hufunguka kidogo kidogo, nayo isitumiwe mahali pa mvuke. Chuma na springi viwe vya kuhimili joto la mahali hapo, kwani springi iliyolegea kwa joto hubadilisha shinikizo la kufungukia.

Kufunga nako ni sehemu ya kazi ya vali. Katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, vali ya kupunguzia shinikizo ilifunguka kisha ikakwama wazi. Maji ya kupozea yalivuja, na sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka.

5. Ufungaji

(a) Pasiwe na koki yoyote kati ya boila na vali ya usalama.
(b) Vali isimame wima, karibu na boila.
(c) Bomba la kutolea mvuke lisiwe jembamba kuliko mdomo wa vali, lielekezwe mbali na watu, liwe na tundu la kutolea maji, na uzito wake usiegemee vali.
(d) Shinikizo la kazi za kila siku liwe chini ya lile la kufungukia, aghalabu kwa asilimia 10, vali isije ikavuja daima.

6. Wito

Wahusika wote wanaombwa kukagua kibao cha kila vali na kukilinganisha na kibao cha chombo chake. Vali isiyo na maandishi ya shinikizo la kufungukia na uwezo kwa saa isifungwe. Ni marufuku kwa mwendeshaji yeyote kukaza springi, kutundika uzito au kuifunga vali inayovuja ili kazi iendelee. Vali inayovuja inaeleza kasoro. Mtambo uzimwe, upoe, na fundi aliyehitimu aitwe.