Dawa ya Zahanati Haigawanywi Kama Ndizi

Mkungu wa ndizi ukiletwa nyumbani hapa Kisiba, kila mtu hupata. Wageni wakifika, mnapunguziana. Hakuna anayelala na njaa. Dawa haigawanywi hivyo.

Chukua dawa ya malaria, ile ya mseto. Mtu mzima humeza vidonge 4, mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Jumla ni vidonge 24. Mtoto mwenye uzito wa kilo 5 hadi 14 humeza kidonge 1 kila mara. Jumla ni vidonge 6. Basi dozi ya mtu mzima mmoja ingetosha watoto wanne.

Sasa fikiri. Mtu mzima ana homa. Anakataa kupimwa. Anasema: "Naujua mwili wangu, hii ni malaria." Anamsumbua mganga mpaka anapewa dawa. Kumbe ana ugonjwa mwingine, unaotaka dawa nyingine. Huku kwetu Rungwe kuna baridi. Malaria ni kidogo kuliko kule Kyela kwenye joto. Si kila homa ni malaria. Vidonge 24 vimekwenda bure, na yeye hakupona. Wiki inayofuata mtoto wa jirani anapimwa. Ana malaria. Kabati ni tupu. Je, nani amemnyima mtoto huyo dawa?

Kupimwa si kazi kubwa. Ni tone moja la damu kidoleni. Majibu hutoka baada ya dakika 15 au 20.

Wengine husema: dawa ikipungua, kila mgonjwa apewe nusu. Maneno hayo yanapendeza, lakini si haki. Nusu ya dozi haimponyi mtu. Wote wawili watabaki wagonjwa, na dawa imekwisha. Afadhali mtoto mdogo apewe dozi yake yote, hata kama mzee alitangulia kufika. Mzee aandikiwe barua ya kwenda hospitali Tukuyu. Ni jambo gumu, maana kwetu mzee hutangulizwa. Lakini malaria humuua mtoto mdogo upesi zaidi.

Dawa hazipotei kwa wagonjwa tu. Mwaka 1984 serikali, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, ilianza kupeleka dawa vijijini katika masanduku yaliyofungwa. Mpango ulisaidia sana. Lakini zahanati yenye wagonjwa wengi ilipata sanduku sawa na yenye wachache. Huku dawa ziliisha kabla ya mwezi kwisha. Kule ziliharibika kabatini. Baadaye zahanati zikaanza kuagiza zenyewe dawa wanazozihitaji. Anayeagiza lazima ahesabu vizuri.

Kijiji kina watu wake katika kamati ya zahanati. Dawa zikifika, wao hushuhudia zikipokelewa. Wewe unaweza kuchaguliwa, kwa kuwa unajua kusoma. Soma idadi iliyoandikwa kwenye karatasi, kisha hesabu. Soma pia mwezi na mwaka wa mwisho ulioandikwa kwenye pakiti. Dawa itakayokwisha muda mapema iwekwe mbele kabatini, itolewe kwanza.