Stima ya Kisumu: Kasoro Iko Njiani

Kuna aina ya kupotea kwa stima ambayo wakazi wa Kisumu wanaijua vizuri: stima ipo, ila haina nguvu. Jioni, watu wakishawasha kila kitu kwa pamoja, taa za Manyatta na Nyalenda hugeuka manjano, friji hunguruma bila kugandisha, na fundi wa kuchomelea hugusisha chuma bila kupata cheche za maana. Lawama huenda moja kwa moja kwa mitambo ya kuzalisha umeme. Mara nyingi mitambo haina kosa. Kasoro iko njiani.

Tuanze na Nyakach, si mbali na mji. Maji ya mto Sondu Miriu hukingwa, hupitishwa katika handaki la kilomita 6 hivi, kisha huporomoshwa kwenye mitambo ya KenGen yenye uwezo wa megawati 60. Yakitoka hapo hayaachwi yaende zake. Mfereji huyapeleka Sang'oro yakazungushe mitambo mingine ya megawati 21, ndipo yaelekee Ziwa Victoria. Na safari haijaisha. Maji ya ziwa hutokea Jinja, ambako bwawa la Owen Falls limezalisha umeme tangu 1954, na sehemu ya umeme wa Uganda huuzwa Kenya kupitia Tororo hadi Lessos. Maji yaliyopita Nyakach yanaweza kabisa kurudi Kisumu kwa njia ya waya.

Sasa, kukiwa na megawati 81 mlangoni, shida inatoka wapi? Sondu Miriu haina bwawa kubwa la kuhifadhi maji, hivyo mto ukinywea mitambo nayo hunywea. Hapo mji hutegemea umeme wa mbali, hasa wa mvuke wa Olkaria kule Naivasha, na masafa hayo yana gharama yake.

Waya wowote huuzuia umeme kidogo, na kizuizi hicho huzaa joto. Kinachoamua ukubwa wa joto ni mkondo: ukiongezeka mara mbili, umeme unaopotea huongezeka mara nne. Dawa ni kupandisha volti ili mkondo upungue. Umeme uleule ukisafirishwa kwa kilovolti 132 badala ya 11, mkondo hupungua mara 12, na joto linalopotea hupungua mara 144. Ndiyo maana milingoti ya chuma ni mirefu kiasi kile: volti kubwa huweza kuruka hewani bila kuguswa.

Ukifika kituo cha Mamboleo umeme hushushwa, na safari ya mwisho ya kuingia mitaani huwa ni kilovolti 11. Simama karibu na transfoma ya mtaani uitazame, ila usiikaribie sana. Juu zinaingia nyaya tatu kupitia fyuzi zilizokaa mshazari; fyuzi ikiungua, kijiti chake huachia na kuning'inia kichwa chini, utakiona hata kama wewe si fundi. Chini zinatoka nyaya nne, fezi tatu na nyutro. Kati ya fezi moja na nyutro ni volti 240, ndizo za soketi yako. Ndani mna mafuta ya kuipoza, na hayo ndiyo wezi huyafyonza, transfoma ikaungua na mtaa mzima ukalala gizani kwa ajili ya madebe machache.

Transfoma ikiwekwa kwa ajili ya nyumba chache, kisha ikaongezewa ploti baada ya ploti, na juu yake nyaya za wizi, aliye kwenye nguzo ya mwisho hazipati zile volti 240. Kenya Power hupoteza zaidi ya asilimia 20 ya umeme inaonunua, joto la nyaya na wizi vikijumlishwa.

Gridi kubwa nayo ina ugonjwa huohuo, tena wa bei ghali. Mwaka wa 2016 KenGen ilihamishia Muhoroni mitambo kutoka Embakasi, Nairobi, inayochoma mafuta. Kazi yake kubwa ni kuzishikilia volti za Magharibi zisianguke. Bei ya mafuta hayo huingia katika ada unayokatwa kila ununuapo tokeni, hata ukiwa Mombasa. Laini ya kilovolti 220 ambayo kampuni ya KETRACO imejenga kutoka Olkaria kupitia Lessos hadi Kibos, Kisumu, kwa mkopo wa Japani, kwa maoni yangu inaifaa Kisumu kuliko mtambo mwingine mpya. Lakini haimsaidii anayetegemea transfoma iliyolemewa.

Kwa hiyo stima ikipotea usiku wa leo, chungulia nje kabla ya kupiga simu. Giza likitanda kutoka Kondele hadi Milimani, hitilafu iko kwenye laini kubwa au gridi yenyewe, kama Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipozimika. Ikiwa ni mtaa wako peke yake, shuku transfoma au fyuzi zake. Na ikiwa jirani wa ploti moja anatazama mpira ilhali wewe unatafuta mshumaa, huenda ni fezi yako iliyokatika. Mwambie hivyo anayepokea simu, mafundi wajue wanachokuja kutafuta. Ila kagua mita kwanza, isije ikawa ni tokeni zimekwisha.