Magadi, Dagaa na Vitunguu: Kumfundisha Mtoto Bonde la Ufa

Muulize mwanafunzi wa darasa la tano Bonde la Ufa ni nini, atakujibu bila kusita kwamba ni bonde refu lililotokea baada ya ardhi kupasuka. Muulize limepita wapi, atakutajia nchi, maziwa na milima kwa mpangilio uleule alionakili ubaoni. Sasa muulize kwa nini Ziwa Tanganyika lina kina kirefu mno kuliko Ziwa Victoria, ilhali Victoria ndilo kubwa. Wengi hapo hunyamaza. Majina wanayo, lakini hawajapata kuelezwa kinachoyaunganisha.

Sisi tunaofundisha jiografia tumezoea kuanza na mipaka: eneo linaanzia wapi, linaishia wapi, lina nchi ngapi. Mtu mzima anaweza kuufuata mpangilio huo. Mtoto wa miaka minane hupewa orodha, akaikariri, na mtihani ukipita ikapita nayo. Eneo kubwa humwingia mtoto vizuri zaidi kupitia kitu kidogo anachokijua, kikiandamana na swali moja: kwa nini kinapatikana huko na si kwingine? Ramani ije baadaye, kujibu swali ambalo tayari linamsumbua.

Bonde la Ufa ni eneo zuri la kujaribia njia hii, kwa sababu bidhaa zake zimejaa sokoni na jikoni kwetu.

Kupasua ardhi kwenye sinia

Kwanza mtoto aone ufa unavyotokea. Tafuta sinia pana na madaftari mawili yenye majalada magumu, uyalaze katikati yakiwa yamegusana. Mwaga juu yake mchanga laini wenye unyevu kidogo, kisha majivu ya jikoni, kisha mchanga tena, mpaka upate tabaka tatu au nne. Shindilia kwa kiganja. Watoto wawili washike kila mmoja daftari lake, wavute taratibu, huyu huku na yule kule.

Nyufa ndogo hutangulia. Kisha sehemu ya katikati hudidimia, na pande mbili zikabaki juu na kuta zake zimesimama. Kwenye kuta hizo tabaka za majivu huonekana wazi, mstari mweusi juu ya mweupe. Waache waangalie kabla hujasema neno. Mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye atakayesema kwamba hakuna aliyechimba, pamezama tu. Hilo ndilo jambo kuu la somo, na amelipata kwa macho yake.

Baada ya hapo maelezo hayachukui muda. Gamba la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa. Chini ya Afrika Mashariki, bamba la upande wa magharibi na lile la upande wa mashariki yanaachana kwa milimita chache kwa mwaka, polepole zaidi kuliko ukucha unavyokua. Ufa huo unaanzia Afar, Ethiopia, unashuka kusini hadi Msumbiji, na katikati ya safari umegawanyika mikono miwili. Mkono wa mashariki umepita Kenya na kuingia Tanzania. Ule wa magharibi umefuata mpaka wa Uganda na Kongo, ukapita Rwanda na Burundi, ukashuka hadi Malawi.

Mtoto atauliza kama nyumba yao itazama. Mwambie ukweli: mwendo huu ni wa mamilioni ya miaka, ingawa mara mojamoja ardhi hujikumbusha kwa ghafla. Mwaka 2005, huko Afar, ardhi ilifunguka kwa siku chache kwenye mstari wa takriban kilomita 60. Mtoto wa Goma, mashariki mwa Kongo, hana haja ya kuhadithiwa mambo ya mbali. Mwaka 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo iliingia mjini, na mwaka 2021 ikafika tena kwenye viunga vyake. Mawe meusi ya lava iliyoganda ndiyo watu wanayojengea kuta za nyumba zao.

Kipande cha magadi

Sasa rudi jikoni. Mama anayepika makande hutia magadi kidogo ili maharage yaive upesi. Mpe mtoto kipande akishike, kisha akamulie ndimu juu yake. Kitatoa mapovu. Mwulize: jiwe hili limetoka wapi?

Limetoka kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, kwenye maziwa kama Magadi lililoko Kenya na Natron lililoko Tanzania. Maji hushuka kutoka kwenye miamba ya volkeno na kutoka kwenye chemchemi za moto, yakiwa yamebeba chumvichumvi. Yakifika ziwani hayana mto wa kutokea. Jua kali huyakausha, chumvi ikabaki, mwaka baada ya mwaka, mpaka sehemu za ziwa zikawa ukoko mgumu mweupe na wa waridi. Katika Ziwa Magadi ukoko huo umechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka 100, na magadi yake hutumika kutengenezea vioo na sabuni.

Kusini tu mwa Natron umesimama Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauheshimu kuwa mlima wa Mungu. Ndiyo volkeno hai pekee inayojulikana duniani inayotoa lava yenye wingi wa kabonati ya sodiamu, jamii ileile ya kitu kilichotoa mapovu mikononi mwa mtoto. Lava hiyo hutoka nyeusi, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu tu ya joto la lava ya kawaida, na ikikaa hewani hubadilika kuwa nyeupe.

Maji ya Natron ni makali kiasi cha kuwafukuza wanyama wengi, na kwa sababu hiyo heroe wadogo hutaga huko kwa mamia ya maelfu: adui wengi hawawezi kuwafuata. Mtoto aliyeuliza habari za jiwe moja sasa ana ziwa, mlima na ndege, na anajua uhusiano wao.

Mafungu mawili ya dagaa

Mpeleke mtoto sokoni, mwoneshe dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza. Wanafanana kwa mbali, lakini ni samaki wa koo tofauti, kutoka maziwa yenye historia tofauti. Hapo ndipo lile swali la kina linapopata jibu.

Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya ufa wenyewe, pale ardhi ilipozama. Kina chake kinafika meta 1,470, na ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi duniani. Sakafu yake iko chini kuliko usawa wa bahari. Ziwa Victoria halimo ndani ya ufa. Liko katikati ya ile mikono miwili. Kingo za bonde zilipoinuka, mito iliyokuwa ikielekea magharibi ilizuiwa, maji yakatanda kwenye nchi iliyobonyea kidogo. Ndiyo maana Victoria ni pana, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, lakini kina chake hakizidi sana meta 80. Mtoto akitaka kuzikumbuka kingo hizo, avute upya madaftari ya sinia lake.

Usiishie kwenye maji. Mweleze kazi inavyofanyika: wavuvi wa dagaa wa Tanganyika hutoka usiku na taa, zamani karabai, siku hizi taa za umeme wa jua au betri, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu, na wengi huutumia muda huo kushona nyavu na kupumzika. Mtoto wa Bujumbura, wa Kalemie, wa Kigoma na wa Mpulungu wanaishi kwenye nchi nne tofauti, lakini baba zao wanaotegemea ziwa hili wanahesabu mwezi mmoja.

Watu si picha za ukutani

Sehemu ya watu ndiyo inayoharibiwa mara nyingi zaidi. Vitabu vingi vya watoto huwapanga watu wa eneo hili kwa mavazi: Mmaasai akiruka, Mhadzabe na upinde, mwanamke mwenye shanga. Kila mmoja amesimama peke yake, hana jirani, hana shule, hana simu. Mtoto hutoka hapo akiamini kwamba hao ni watu wa zamani.

Chukua mahali pamoja uwaoneshe watu wakiishi pamoja. Mimi huchagua Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Pembezoni mwake kuna Wairaqw wanaozungumza lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kinailoti, Waisanzu ambao ni Wabantu, na Wahadzabe, watu elfu moja hivi, ambao lugha yao yenye vidoko haijaonekana kuwa na ndugu. Ni sehemu chache sana Afrika ambapo makundi haya yote yanakutana kwenye soko moja.

Na yanafanyiana biashara. Mhunzi wa Kidatoga huweka msumari wa chuma kwenye moto wa mkaa unaopulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Ukiiva mwekundu huugonga juu ya fuawe mpaka unakuwa bapa, kisha anauchonga kuwa kichwa cha mshale. Mhadzabe huja kuuchukua na hulipa kwa asali. Hapo mtoto anamwona fundi, mteja na bei, mambo anayoyajua mtaani kwake.

Hapo hapo kando ya Eyasi, katika eneo la Mang'ola, chemchemi zinazotoka nyanda za juu za Ngorongoro hunywesha mashamba ya vitunguu vinavyouzwa hadi Nairobi. Kitunguu kilicho jikoni kwenu huenda kimetoka huko. Lakini shamba likipanuka, pori la kuwinda na malisho hupungua. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde jirani la Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja. Mweleze mtoto jambo hilo, aone kwamba mwindaji naye ana hati, ana kikao na ana hoja.

Kila umri na kipimo chake

Mtoto wa miaka sita hadi minane anatosheka na sinia, ndimu na dagaa. Majina matano ya mahali yanamtosha. Wa miaka tisa hadi kumi na mmoja aanze kulinganisha, ziwa kwa ziwa, kazi kwa kazi, na sasa apewe atlasi. Huyu pia yuko tayari kwa habari za muda mrefu: kule Laetoli, Tanzania, majivu ya volkeno yaliyolowa mvua yalihifadhi nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita, zikagunduliwa mwaka 1978. Atakumbuka yale majivu kati ya tabaka za mchanga. Aliyefika miaka kumi na miwili apewe mabishano: umeme wa jotoardhi wa Olkaria, Kenya, ulioanza kuzalishwa mwaka 1981, umeinufaisha nani, na maji ya chemchemi yagawanywe vipi?

Ukitaka kujua kama somo limeeleweka, usiulize majina. Mpe ramani isiyoandikwa kitu, umwambie achague mahali pa kuishi, aeleze atakula nini, maji atayapata wapi, jirani yake ni nani na watabadilishana nini. Akikwambia atahamia kando ya Natron alime mpunga, mrudishie ndimu na kipande cha magadi. Akikwambia atakaa Mang'ola alime vitunguu, ila kwanza ataulizia yale maji yanatumiwa na nani, mpe maksi zote.