Akihama chuo, masomo yake huhama pia?

Mgodi wa Buzwagi wilayani Kahama ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji ukakoma. Katika ukanda huu, unaoanzia almasi za Mwadui hadi dhahabu ya Bulyanhulu na Geita, kuhama si jambo geni. Kazi ikiisha hapa, baba hufunga virago na kwenda kule inakosikika kwamba ipo. Vitanda, masufuria na hata mabati hupakiwa katika lori, na asubuhi ya pili familia imekwisha kuwa ya mji mwingine. Lakini yuko mtoto mmoja aliye chuoni. Masomo yake hupakiwaje?

Tumchukue kijana aliyemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya uhasibu katika chuo cha binafsi. Mshahara wa baba umekatika, karo haiwezekani tena, na kijana anataka kuhamia chuo cha umma kilicho nafuu. Mzee wake anapiga hesabu iliyo wazi kabisa kwake: shahada ni miaka mitatu, mmoja umekwisha, imebaki miwili. Kwa mwaka huo mmoja aliuza ng'ombe, na ng'ombe wakitoka zizi moja kwenda jingine idadi yao haipungui. Wakipungua njiani, huitwa sungusungu.

Kwa bahati mbaya, vyuo havihesabu hivyo. Kinachohama si mwaka, bali ni somo moja moja alilolifaulu mwanafunzi. Kila somo hupewa uzito wake kwa kipimo kiitwacho krediti, na kwa taratibu za hapa nchini krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Humo hesabu huingia saa za darasani, za mazoezi, na zile anazokaa peke yake na daftari. Mwaka mzima wa masomo huwa na krediti zipatazo 120, na shahada ya miaka mitatu haipungui 360.

Sasa kijana wetu anabisha hodi katika chuo kipya na krediti zake 120. Wakuu wa idara hawasomi jina la somo tu, kwa maana majina hufanana na yaliyomo yakatofautiana. Huweka mihtasari miwili mezani na kulinganisha mada kwa mada. Tuseme katika krediti hizo, 84 zinalingana na 36 hazilingani. Hizo 36 ni saa 360 za kazi ambazo hazikutambuliwa, ingawa kijana alizifanya na baba alizilipia. Tena si saa tu. Ikiwa miongoni mwa masomo yaliyokataliwa limo lile ambalo ni msingi wa masomo ya mwaka wa pili, kijana hatapita hapo mpaka alisome upya, na pengine hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Hivyo ndivyo somo moja linavyoweza kumrudisha mtu nyuma mwaka mzima.

Haifai kuwalaumu wakuu hao moja kwa moja. Chuo kinachotia saini shahada ndicho kinachobeba dhamana yake. Lakini mzazi ana haki ya kuelezwa hesabu hiyo kabla hajauza ng'ombe mwingine, na iwe kwa maandishi. Nionavyo mimi, neno la mdomo la karani wa mapokezi, hata awe mwungwana kiasi gani, si ahadi ya chuo.

Jambo linalowanasa wengi ni karatasi. Chuo kipya kitataka hati rasmi ya matokeo na mihtasari ya masomo yote yaliyosomwa, na mara nyingi barua ya chuo cha zamani. Na vyuo vingi havitoi hati ya matokeo kwa mwanafunzi anayedaiwa. Hapo ndipo shida huwa mbili kwa mpigo: anahama kwa sababu hana karo, na hawezi kuhama kwa sababu hajalipa karo. Heri kwenda mapema kuomba kulipa deni kidogo kidogo kuliko kutoroka kimya kimya, kwa sababu chuo kilichotorokwa ndicho chenye funguo za kabati la matokeo.

Mipaka nayo ijulikane. Uhamisho baina ya vyuo vikuu hufuata taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yenye vipindi inavyotangaza kwa kazi hiyo, na anayehama sharti awe na sifa za kuingilia katika kozi anayoiendea. Vyuo vya ufundi na vya kati, vyenye vyeti na stashahada, viko chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine ni kugumu zaidi: mwenye stashahada akiingia shahada, mara nyingi huanza mwaka wa kwanza kama wenzake waliotoka kidato cha sita. Aliye na nafuu ni yule anayehama ndani ya taasisi moja. Kizumbi, hapo Shinyanga, ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na Taasisi ya Uhasibu ina matawi mikoani, likiwamo la Mwanza. Kozi ikiwa ni ile ile, na mihtasari ni ile ile, mabishano hupungua.

Wakati mwingine chuo chenyewe ndicho kinachomhama mwanafunzi. Mwaka 2016 Tume ilifuta vibali vya matawi ya Songea na Arusha ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Kwa hiyo hata asiyefikiri kuhama aitunze mihtasari yake tangu muhula wa kwanza, pamoja na matokeo ya kila muhula, nyumbani na si chuoni.

Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu asidhani kwamba fedha zitamfuata zenyewe. Uhamisho wa mkopo nao una taratibu zake, na fedha zilizokwisha pelekwa chuo cha zamani huchukua muda kurekebishwa. Katika muda huo kijana atahitaji chumba na chakula katika mji mgeni, na gharama hiyo itamrudia yule yule baba anayetafuta kazi Geita.