Kabla Hujanunua Betri

Laptopu ikigoma kuchaji, mshtakiwa wa kwanza ni betri. Mwenye mashine keshaamua, na muuza vipuri hana sababu ya kumpinga. Lakini betri ya lithiamu ina tabia yake: huchoka kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza inakaa saa nne, wa pili saa tatu, wa tatu unatafuta soketi kabla kikao hakijaisha. Laptopu iliyochaji vizuri jana usiku na leo asubuhi haiwashi hata taa, kwa kawaida ina ugonjwa mwingine, na ugonjwa huo uko mahali fulani kati ya ukuta na betri. Ndiyo maana fundi mzuri, kabla hajashika bisibisi, huuliza: ilianza lini, ghafla au taratibu?

Ukutani hapahitaji maneno mengi. Chomeka taa kwenye soketi ileile uone. Ekstensheni zilizolegea zimewapeleka wengi kwa fundi bure. Kinachofuata ni chaja. Nyingi zimeandikwa kwamba zinapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme dhaifu wa jioni hauzisumbui sana. Kinachoziumiza ni msukumo wa ghafla umeme unaporudi baada ya kukatika. Na chaja iliyopigwa hivyo si lazima ife palepale. Ukiipima kwa mita ikiwa haijachomekwa kwenye laptopu, inakuonesha volti 19.5 safi kabisa, kama lebo inavyosema. Ichomeke sasa, laptopu ianze kuvuta umeme: volti zinaporomoka, taa inazima, inawaka, inazima tena. Fundi aliyepima bila mzigo atakuapia kwamba chaja ni nzima. Dawa rahisi kuliko mita ni kuazima chaja nyingine yenye plagi hiyohiyo, volti zilezile na ampea zisizopungua za kwako. Ampea zikizidi hakuna ubaya, maana laptopu huchukua inazohitaji tu. Volti ndizo hazichezewi.

Laptopu nyingi za Dell na HP za plagi ya duara zina kipini chembamba katikati ya plagi. Hicho hakipitishi umeme wa kuchaji; kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine, iseme ni ya wati ngapi. Kipini kikipinda, au uzi wake ukikatika ndani ya waya karibu na shingo ya plagi, yaani pale panapokunjwa kila siku, laptopu inaweza kuwaka na kufanya kazi huku ikikataa kuchaji betri. Betri mpya imenunuliwa mara nyingi kwa kosa la uzi huo.

Za USB-C zina mazungumzo marefu zaidi. Chaja huanza na volti 5 tu, kisha yenyewe na laptopu zikubaliane kupanda, mara nyingi hadi 20. Ukitumia chaja ya simu, huenda laptopu ikaandika kwamba inachaji huku asilimia zinashuka. Waya nao una kikomo: wa kawaida huishia wati 60, na unaotakiwa kubeba 100 lazima uwe na chipu yake ndani. Dukani huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Tundu la chaji ndilo linalostahili subira. Zima mashine, mulika kwa tochi. Kwenye tundu la USB-C utakuta nyuzi za nguo na vumbi vimeshindiliwa hadi chini kabisa, na plagi haiingii yote. Kijiti cha meno kinatosha kuvitoa. Kwenye tundu la duara, washa, chomeka, halafu gusa plagi kwa kidole kimoja bila nguvu. Taa ikichezacheza, fungua kifuniko utazame miguu ya tundu ilipolehemiwa kwenye bodi. Risasi nzima inang'aa. Iliyopasuka imefifia, na kuuzunguka mguu kuna ufa wa duara mwembamba ambao bila lenzi utaupita. Umetokana na mtu kujikwaa kwenye waya, siku ambayo hakuna anayeikumbuka. Umeme unapita kwenye ufa kwa shida, unaleta joto, joto linazidi kuupanua. Kulehemu upya ni kazi ndogo kwa anayeijua, na siku hizi mashine nyingi zina tundu lenye kebo yake fupi, linalobadilishwa bila risasi hata tone.

Mengine ni ya kuangaliwa upesi. Laptopu inayosimama kwenye asilimia 80 kila siku pengine imewekewa kikomo hicho kwenye mipangilio, na inakufanyia hisani. Iliyoganda bila dalili yoyote, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha ujaribu upya.

Njia yote ikiwa safi, mgeukie mtuhumiwa. Betri za aina hii ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na wanasayansi watatu walioziwekea msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ndani yake ioni za lithiamu husafiri kati ya grafiti upande mmoja na oksidi ya metali upande wa pili. Oksidi hiyo mara nyingi ina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi, ambako migodini Kiswahili kinasikika kila siku. Betri inapochajiwa mara ya kwanza kiwandani, kimiminika kilichomo huungua kidogo juu ya grafiti na kuacha utando. Ni kama ukoko wa wali: ukiwa mwembamba unazuia kilichobaki kisiungue. Tatizo ni kwamba hauachi kukua, na kila unapoongezeka unameza lithiamu ambayo haitasafiri tena.

Kinachouharakisha ni joto, hasa betri ikiwa imejaa. Betri iliyohifadhiwa mwaka mzima ikiwa imejaa pomoni, kwenye nyuzijoto 40, hupoteza karibu theluthi ya uwezo wake. Iliyokaa kwenye asilimia 40 katika nyuzijoto 25 hupoteza kidogo sana. Laptopu inayoshinda kwenye chaja juu ya godoro, matundu ya hewa yamezibwa, inazeeshwa hata kama haibebwi kwenda popote.

Kiasi cha uchovu kinapimika. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na mashine itakutengenezea ripoti. Tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake ikijaa leo. Ikiwa ilikuwa 48,000 na leo ni 28,800, umebaki na asilimia 60. Hapo bado unaweza kuivumilia. Ikishuka chini ya nusu, au mashine ikizima ghafla ikionesha asilimia 30, kuna seli iliyotangulia wenzake, na haifufuki.

Betri iliyovimba haina mjadala. Utaijua kwa kibao cha kugusa kilichonyanyuka, au laptopu inayotikisika ikiwekwa mezani. Ni gesi. Izime, usiichaji, usiitoboe, na usiitupe kwenye jalala linalochomwa moto. Ikitoka, iweke mbali na vitu vinavyowaka hadi umpate anayekusanya taka za kielektroniki.

Ukienda kununua, puuza maneno ya kwenye boksi na utazame wati-saa. Seli za duara za milimita 18 kwa 65, zinazotumika kwenye betri nene za zamani, kwa kawaida hazizidi miliampea-saa 3,500 au zaidi kidogo, kwa hiyo seli moja iliyoandikwa 9,900 ni uongo wa mchana. Ipime pia mkononi: seli halisi ina uzito wa gramu 45 hivi, na pakiti ya seli sita inayokuwa nyepesi kama boksi tupu imejazwa kitu kingine. Ripoti ya kompyuta isikuridhishe, maana chipu ya betri bandia inaweza kuandikwa chochote. Ijaze, chomoa chaja, tazama saa. Betri ya wati-saa 48 kwenye laptopu inayokula wati 12 inatakiwa kukaa karibu saa nne. Ikizima baada ya saa moja na nusu, irudishe kesho yake asubuhi, na risiti mkononi.